Siku Niliyowafukuza Firigogo

Ilikuwa Jumatano ya kwanza ya Januari, mwaka wa hamsini na sita, saa kumi na moja na nusu alfajiri, na lau ningejua yatakayonipata kabla jua halijapanda ningejifunika shuka gubigubi nikasingizia homa. Naandika haya uso ukiniwaka. Naandika kwa sababu Rehema ameshaanza kuyasimulia bwenini kwa namna yake (kwake yeye ng'ombe walikuwa hawana idadi na mimi nilikuwa nalia kamasi), basi bora niyaseme mwenyewe kama yalivyokuwa. Aibu ni yangu, na iwe yangu kwa ukweli wake.

Kwanza mnielewe: mimi si mtu wa kusema. Mwalimu akiniuliza swali najibu, lakini jibu linafika dawati la mbele likiwa limekufa njiani, na yeye huniambia, "Hawa, hilo umemwambia nani, kola yako?" Sasa muhula uliopita mwalimu wetu wa sayansi aliuliza nani anajua jambo la ajabu la ndege wa kwao, na mkono wangu, sijui ulitumwa na nani, ukapanda. Nikasema kwetu Tana, nyuma ya Garsen, kuna firigogo, ndege wa nyikani wa ukubwa wa njiwa, na dume mwenye vifaranga akija kunywa hujilaza majini, manyoya ya kifua chake yakalowa kama pamba, kisha huruka nayo mbali kwenye ukame, na vifaranga wakayanyonya yale maji kifuani mwa baba yao. Nimeliona hilo kwa macho yangu tangu mdogo, wala sikujua kama ni la kuchekesha.

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu alitabasamu akasema huenda ni hadithi za kwetu. Tangu siku hiyo nikawa Mama Firigogo. Wasichana wakienda bombani wanajimwagia maji kifuani halafu wanatembea wametanua mikono, "Njooni wanangu mnyonye!" nami napita ukutani ukutani kama mjusi.

Wawili tu ndio waliosema twende tukaone. Mmoja ni Rehema wa Mombasa, ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika tangu azaliwe, na mwingine ni Dorika wa Taita, ambaye ni kinyume chake, akisema neno amelipima kama dawa. Dorika hasemi uongo. Muhula mmoja aliulizwa nani kala sukari ya matroni, akasema, "Mimi, vijiko viwili," na hakuna aliyekuwa anamshuku. Kwa hiyo darasa zima lilikuwa linamngoja yeye. Aliniambia kabisa, "Nikiona nitasema nimeona. Nisipoona nitasema sikuona, hata kama wewe ni rafiki yangu." Nikamwambia sawa. Na hapo ndipo jina langu lilipokaa, mikononi mwa Dorika.

Walikuja kwetu mwisho wa likizo, lakini basi lao likakwama Tarasaa likingoja kipuri, wakafika Jumanne jioni wamejaa vumbi mpaka kope, na basi la kuturudisha sote shuleni lilikuwa la Alhamisi baada ya adhuhuri. Nikahesabu: asubuhi ya Jumatano, na tukikosa, asubuhi ya Alhamisi. Basi.

Sasa lazima mjue kwetu palivyo. Mashamba yetu ya mpunga yamefuatana ukingoni mwa mto, na letu ndilo la mwisho. Ukilipita letu, ukijani unakatika kama umekatwa kwa panga, nyika inaanza, kavu, ya miiba, na siku za kaskazi joto linatoka chini kama mtu amefunua chungu. Humo nyikani mvua za miaka zimechimba laga, yaani bonde kavu lenye kuta za udongo mwekundu, ndefu kuliko nyumba, linalopinda pinda mpaka mtoni. Ndani yake, kwenye kona moja yenye kivuli, hubaki dimbwi. Firigogo hunywa hapo, mara moja kwa siku, jua likishapanda kidogo, wanakuja kundi zima, na wakishtuka hawarudi mpaka kesho yake.

Na jambo la pili mjue, maana hilo ndilo lililoniangamiza. Mpunga ukianza kukomaa kila shamba lina dungu lake, jukwaa la miti, na mtu hukaa juu yake tangu alfajiri akiwafukuza ndege kwa sauti na kombeo na kamba zilizofungwa makopo. Ndege wawili watatu unawafukuza mwenyewe. Lakini likija wingu la kwelea, wale wadogo wanaokuja kwa maelfu wakamaliza shamba kabla uji haujapoa, aliyewaona kwanza hupiga mwito mkubwa, na kila dungu linalousikia huitikia kwa debe na ngoma, na majirani wanayaacha ya kwao wanakimbia kumsaidia. Mimi nilijua mwito mkubwa kabla sijang'oka meno ya utoto. Nadhani ndicho kitu pekee nilichowahi kukisema kwa sauti.

Basi alfajiri ile tukapita shambani, Mama yuko juu ya dungu tayari, akatuambia, "Nendeni wageni wangu, nitawaletea uji." Tukashuka lagani, tukajenga kibanda cha matawi ya mti wa mswaki karibu na dimbwi, tukajibanza humo watatu kama vitumbua kwenye sahani moja. Na kusema kweli mwanzo ulikuwa mzuri. Kanga wa nyikani walishuka ukutani mstari mmoja, shingo za buluu, wanatembea kama wamechelewa harusi. Keremkerem wekundu wakawa wanaruka kutoka ukuta huu kwenda ule wakidaka nyuki. Fundichuma mmoja alisimama dimbwini akitazama miguu yake mwenyewe muda mrefu sana. Hata Rehema alinyamaza. Kidogo.

"Shoga, mgongo unaniwasha, kuna siafu humu."

"Ni jasho," nikanong'ona.

"Jasho lenye miguu?"

"Rehema," akasema Dorika, bila kugeuka, "wewe ndiye utakayewafukuza hao ndege."

(Nakumbuka nilitikisa kichwa kukubaliana naye. Mungu anisamehe.)

Jua likaruka ukuta wa laga. Joto likashuka juu yetu. Firigogo kimya. Kawaida saa ile wangekuwa wamekwisha kuja. Rehema akaanza kuimba puani, na Dorika akatazama jua, kisha akanitazama mimi, na huo mtazamo ndio ulionitoa kibandani. Nikaona bora nikatazame wanatokea upande gani, niwaambie wenzangu wakae tayari. Ndilo hilo tu nililoamua, nitazame. Nikawaambia, "Nakuja sasa hivi," nikapanda ukingo, nikafika shambani, na dungu lilikuwa tupu kwa kuwa Mama alikuwa amekwenda nyumbani kuchukua ule uji wetu. Nikaona, basi, juu ya dungu nitaona vizuri zaidi.

Nikapanda. Jua likanipiga usoni. Nikajikinga kwa kiganja, nikatazama nyikani, na kutoka ndani ya ule mwanga likaja kundi jeusi, chini chini, kasi, linaelekea mpunga wa mama yangu, na mimi nimesimama juu ya dungu.

Jamani, sikufikiri. Miguu iko juu ya dungu, macho yameona kundi, mdomo ukafunguka wenyewe.

"Huuuuu-yaaaaa! Huuuuu-yaaaaa! Wamekujaaaaa!"

Kundi likapasuka juu ya kichwa changu. Ndipo nilipoona mikia iliyochongoka, ndipo nilipoona yale matumbo ya rangi ya kahawia, ndipo nilipojua kwamba nimewapokea firigogo wangu kwa mwito wa kwelea. Wakazunguka mara moja, na labda wangeshuka, labda, lakini dungu la jirani yetu Mama Komora likaitikia kwa debe. La pili yake likaitikia. Kisha likaitikia la ng'ambo ya mto, kisha ngoma, kisha mtu mwenye sufuria, mwito ukakimbia ukingoni kwenda juu na kwenda chini mpaka nikausikia unaitikiwa mahali ambapo hata sijawahi kufika, na ndege wote wa bonde la Tana, yangeyange, korongo, njiwa, wote wakapanda mbinguni kwa pamoja. Firigogo wakawa nukta. Kisha hata nukta hazikuwepo.

Ningependa kusema yaliishia hapo.

Sasa wakati ule ule ng'ombe wa Mzee Barisa, mchungaji wa Kiorma ambaye ng'ombe wake hunywa upande wetu, walikuwa wanateremka lagani kwenda mtoni. Wakasikia madebe mbele yao, wakageuka. Laga ni nyembamba, wakigeuka hawana pa kwenda isipokuwa kurudi juu, na huko juu kuna kona yenye dimbwi, na penye dimbwi kuna kibanda cha mswaki chenye rafiki zangu wawili. Mimi juu ya dungu niliona vumbi tu linakwenda ndani ya laga kama moshi wa gari moshi, nikashika kichwa. Rehema (ananiambia mwenyewe) alipanda ule ukuta ambao asubuhi aliapa haupandiki, akakwama kwenye mti wa miiba akiita jina la mama yake. Dorika alirudi nyuma hatua kwa hatua, taratibu, kwa adabu, mpaka kisigino kikagusa maji, akageuka akimbie, akateleza akaanguka kifudifudi dimbwini. Ng'ombe wakapita wakasaga kibanda. Alhamdulillahi hakuna aliyeumia.

Nami? Nilisikia vishindo vya watu wakija mbio kunisaidia, nikalala kifudifudi juu ya dungu nikafumba macho, kama vile nisipowaona na wao hawataniona.

Wa kwanza kufika alikuwa Mama Komora, mwili mkubwa, pumzi juu juu, kombeo mkononi na mswaki bado uko mdomoni. Nyuma yake jirani zetu wengine watatu.

"Wako wapi kwelea?"

"Mimi sioni hata kifaranga."

"Na nani aliyeita? Sauti imetoka hapa hapa, kwa Mama Hawa."

"Mama Hawa nimempita njiani sasa hivi kabeba chungu."

Nikaona nishuke kwa nyuma, kimya kimya, niingie mpungani nitambae mpaka nyumbani, na kama ingewezekana mpaka Malindi. Nikateremsha mguu. Mguu ukaingia kwenye kamba ya makopo. Nikauvuta, na makopo yote ya shamba zima, kutoka kona hii hadi kona ile, yakalia kang'ara-kang'ara-kang'ara, na vichwa vyote vikageuka vikanikuta nimening'inia kama nguo, mguu mmoja juu, kanga imenipanda magotini.

"Hawa?"

"Hawa huyu? Huyu wa kunong'ona?"

"Toba! Huyu nikimwamkia anazijibu kucha zake!"

"Basi leo kajibu," akasema Mama Komora. "Mwanangu, ile sauti umeificha wapi miaka yote hii? Mimi nilidhani ni mwanamume wa ng'ambo."

Nikawa nataka kueleza habari za firigogo, lakini sauti, niliyoitumia yote dakika tano zilizopita, haikuwepo. Hapo akatokea Mzee Barisa, fimbo begani, jicho kali.

"Nani napiga kelele? Kwelea iko wapi?"

"Kwelea hakuna, Mzee," Mama Komora akamjibu. "Iko huyu."

"Wewe mtoto! Ngombe yangu hapana kunywa! Mimi natoka mbali, ngombe nataka maji, wewe nafanya 'huuu-ya'! Sasa ile mweupe nakimbia wapi? Mimi hapana jua!"

Nikainamisha kichwa. Na hapo ndipo rafiki zangu wakatoka lagani. Rehema miiba kichwani, Dorika mbele yote imelowa, kutoka kidevuni hadi magotini, maji yanamdondoka tone tone, nyuma yote kavu kabisa. Rehema akamtazama Dorika, akanitazama mimi niliyening'inia, akatazama wale watu wazima, akasema kwa sauti ya mwalimu wetu:

"Jamani msigombane. Firigogo dume amepatikana. Kifua kimelowa, mnaona wenyewe. Vifaranga wako wapi?"

Basi ikabidi nieleze. Nilieleza kwa kunong'ona, Rehema akawa anapaza, kama mkalimani barazani, kwamba firigogo hubeba maji, kwamba shuleni naitwa Mama Firigogo, kwamba hawa wamekuja kushuhudia. Mama Komora alicheka mpaka akakaa chini kwenye tope. Mzee Barisa akajaribu kubaki na hasira, ndevu zikamtetemeka, akashindwa. Mama yangu akafika na chungu cha uji, akasikia, akajifunika uso kwa kanga, mabega yanamcheza.

Dorika peke yake hakucheka. Alikamua gauni lake, akaniambia, si kwa ubaya, "Hawa, mimi sijaona ndege anayebeba maji. Mpaka sasa nimeona ng'ombe."

Neno hilo liliniuma kuliko vicheko vyote. Jumatatu angesimama darasani, na angesema hilo hilo.

Sasa kwetu aliyepiga mwito mkubwa bure ana adhabu yake, wala haina rufaa. Kesho yake analinda mashamba ya wote waliokuja mbio, na wenyewe wanapumzika. Mama Komora akaitangaza bado yuko topeni: mashamba manne, na letu la tano, tangu alfajiri mpaka adhuhuri. Nikasema, kwa kola yangu, "Lakini kesho ndiyo asubuhi yetu ya mwisho."

"Rafiki zako wana miguu, waende wenyewe."

"Na mimi kesho nachelewesha ngombe," akasema Mzee Barisa, akipangusa macho. "Ndege kunywa kwanza. Lakini wewe mtoto," akanielekezea fimbo, "funga mdomo."

Na hapo ndipo palipokuwa na tatizo, maana nilinde vipi mpunga na mdomo umefungwa? Shamba letu limepakana na laga. Nikipiga kelele, firigogo hawashuki. Nikinyamaza, chiriku na minana wanakula chakula cha watu, na si chakula changu pekee.

Alhamisi asubuhi wenzangu wakaenda lagani peke yao gizani bado, kujenga kibanda kingine. Nami nikafungua kamba zote za makopo nikazilaza chini, nikakataa kupanda dungu (siliamini tena), nikajifunga kibwebwe, nikavua kanga yangu ya pili, nikaishika ncha mbili. Minana wa kwanza wakatua kwa Mama Komora. Nikaenda mbio mpungani nikipepea kanga juu ya kichwa, kimya, meno nimeyauma. Wakaruka wakatua shamba la pili. Nikakimbia la pili. Wakatua la nne. Nikakimbia la nne. Jasho, tope mpaka mapajani, najirusha, nageuka, napepea, sitoi hata pumzi ya kusikika, na ukinitazama kwa mbali bila shaka ungesema ni bibi harusi aliyepagawa.

Walinitazama kwa mbali. Wenye mashamba, waliopaswa kupumzika, walikuwa wamekuja wote kukaa ukingoni kuona adhabu inavyokwenda.

"Hawa! Umekatwa ulimi?" Mama Komora akaita.

Nikamwekea kidole mdomoni, nikamwonyesha laga, nikamwonyesha mbingu, nikaweka viganja viwili kama mtu anayemwomba Mungu, na nikaanza tena mbio maana chiriku walikuwa wameshatua kwa Mama. Sijui alielewa nini. Lakini nilipogeuka nilimwona Mama Komora, na ule mwili wake, amevua kanga ya mabegani, yumo mpungani anapepea, kimya, mashavu yamemvimba kwa kicheko alichokibana. Kisha wengine wawili wakaingia. Kisha Mama. Tukawa watu wazima watano (mimi nimejihesabu) tunakimbia mpungani bila sauti, kanga zinapaa, na ng'ambo ya mto walinzi wamesimama juu ya madungu yao, midomo wazi.

Ndipo wakapita. Niliwasikia kabla sijawaona, ule mlio wao kama maji yanayotoka kwenye mtungi. Kundi zima juu ya vichwa vyetu. Tukaganda sote pale tulipo, mikono juu. Wakainama upande, wakashuka lagani.

Tukangoja. Mnana mmoja akatua karibu na bega langu akaanza kula mpunga wa Mama Komora, na Mama Komora akamwona, akamwacha.

Wakainuka. Wengi kwa pamoja kwanza, kisha baadaye kidogo mmoja mmoja, wazito, chini chini, kuelekea nyikani. Kisha Dorika akatokea ukingoni, anatembea taratibu kama kawaida yake, na Rehema nyuma yake kashika mdomo kwa mikono miwili, jambo ambalo sijaliona kabla wala baada.

Dorika akasimama mbele yangu. "Wanne," akasema. "Nimewaona madume wanne. Mmoja alijilaza karibu sana, akajitikisa kama kuku mavumbini, akakaa, akakaa, halafu akaruka na kifua kinadondoka. Tone limeniangukia mkononi. Jumatatu nitasema hivyo."

Nilimshika ule mkono, ulikuwa mkavu, nikaushika tu.

"Haya," akasema Mama Komora, akiketi ukingoni na kujipepea, "ndege wako wamekwenda, mpunga wangu unaliwa, na zamu ni mpaka adhuhuri. Sasa piga ile sauti ya jana, tuisikie vizuri."

Wote wakanigeukia. Mama, majirani, Rehema, Dorika, walinzi wa ng'ambo, hata Mzee Barisa aliyekuwa ndio kwanza anafika na ng'ombe wake, wote kimya, wananingoja. (Na hapo ndipo nilipojiapiza kwamba maisha yangu yote sitapanda tena dungu, wala ngazi, wala kitu chochote kirefu kuliko kigoda, kwenda kutazama ndege.) Nikavuta pumzi. Nikafungua mdomo.

"Huu-ya," nikasema.

Mnana hata kichwa hakuinua.